Deni la Mtu na Cheti cha Kuaminiwa

Hotuba kwa vijana wa Meru, Tharaka-Nithi na Embu wanaotafuta kazi za Serikali

Katika mabaraza ambako vijana waliomaliza masomo hukutana na maofisa wa Serikali, kuanzia Maua mpaka Siakago, liko swali moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, watu wengine wakiisha kuondoka. Swali lenyewe ni hili: Je, mtu mwenye deni aweza kuandikwa katika kazi ya kuaminiwa, yaani kazi ya polisi, ya hazina, ya mahakama, au ya ofisi yenye kushika siri za nchi?

Swali hili lastahili kujibiwa waziwazi. Wako vijana ambao hawakupeleka maombi yao kwa kuogopa jambo lisilokuwako, na wako wengine waliopeleka bila ya kuogopa jambo lililokuwako. Jibu fupi ni kwamba deni peke yake halimfungii mtu mlango. Linalomfungia ni deni lililoachwa bila kushughulikiwa, na zaidi ya hilo, deni lililofichwa. Lakini jibu fupi halitoshi, maana mambo haya yana sheria zake, na yana mitego ambayo mtu mwema aweza kuinaswa bila kujua.

Kumpima mtu kabla ya kumpa madaraka si jambo geni katika nchi ya Meru. Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo makao yake yako Nchiru, halikumkaribisha kila mwenye mvi. Mwenendo wa mtu nyumbani kwake na sifa yake kwa majirani vilitazamwa kwanza, kwa kuwa mzee aliyeingia humo angeitwa kuamua madai ya mashamba, ya ng'ombe na ya mbuzi. Aliyejulikana kuwa hatimizi ahadi zake mwenyewe angeamuaje ahadi za wenziwe?

Baadaye ilikuja namna nyingine ya kupima. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba, 1952, Serikali ya kikoloni iliwatolea baadhi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru vyeti vya uaminifu. Katika uchaguzi wa mwezi wa Machi, 1957, uchaguzi wa kwanza ambao Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria, mtu wa makabila hayo hakuweza kupiga kura bila ya cheti hicho. Katika uchaguzi huo ndipo Bwana Bernard Mate wa Meru alipomshinda Bwana Eliud Mathu. Cheti kile hakikuuliza habari za mfuko wa mtu. Kiliuliza kiapo chake na upande aliosimama, na wengi waliokinyimwa hawakuwa na kosa lolote ila kushukiwa.

Habari za mfuko zilishikwa na sheria nyingine. Katika siku hizo hizo za ukoloni ilikuwako sheria iliyozuia mikopo kwa Waafrika. Mfanyabiashara asiyekuwa Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika zaidi ya Sh. 200 hakuweza kulidai deni hilo mahakamani, isipokuwa mkataba umethibitishwa na ofisa wa Serikali. Walioitunga walisema ni ngao ya kumlinda Mwafrika. Wenye maduka wa Kiafrika waliona kuwa ni kamba ya kuwafunga miguu, maana mtu asiyekopesheka hawezi kujaza duka. Sheria hiyo iliondolewa uhuru ulipokaribia. Tangu hapo mtu wa Meru au wa Embu aliweza kukopa kama mtu mwingine yeyote, na kwa hiyo aliweza pia kuharibikiwa kama mtu mwingine yeyote.

Sasa yafaa kueleza kwa nini serikali za dunia huuliza habari za madeni. Si kwa sababu ya kumdharau maskini. Mfano ulio wazi kuliko yote watoka Marekani. Aldrich Ames alikuwa ofisa wa shirika la ujasusi la nchi hiyo, naye alishika siri kubwa kabisa, yaani majina ya Warusi waliokuwa wakiipa Marekani habari kwa siri. Mwaka 1985 alikuwa akiachana na mkewe, naye alikuwa amezama katika madeni. Mwezi wa Aprili mwaka huo alikwenda kwenye ubalozi wa Urusi katika mji wa Washington, akataka dola 50,000. Alipewa. Kisha akaendelea kuuza siri kwa muda wa miaka tisa, na watu kadhaa ambao majina yao aliyauza waliuawa. Alikamatwa mwezi wa Februari, 1994, akahukumiwa kifungo cha maisha.

Katika habari hii liko jambo ambalo watu wengi hawalitambui. Deni la Ames halikuonekana kwa muda mrefu, kwa sababu liliondoka. Alinunua nyumba kwa fedha taslimu zaidi ya dola laki tano, akaendesha gari la fahari aina ya Jaguar, na mshahara wake haukuweza kununua hata nusu ya vitu hivyo. Kwa hiyo wachunguzi wa siku hizi hawatazami deni lililopo tu. Hutazama pia deni lililotoweka ghafula bila ya sababu ijulikanayo. Mtu anayelipa Sh. 3,000 kila mwezi kwa miaka minne huwapa wasiwasi mdogo kuliko yule aliyelipa Sh. 400,000 kwa siku moja na asiweze kusema zilitoka wapi.

Marekani yenyewe imeandika kanuni zake wazi, nazo zawahusu hata watu wa Mlima Kenya waliohamia huko na kuwa raia, kwa maana kibali cha kushika siri hupewa raia. Mwongozo wake ulianza kutumika mwezi wa Juni, 2017. Una vifungu 13, na kimoja ni cha mambo ya fedha. Kifungu hicho hakisemi kwamba mdaiwa akataliwe. Chasema yatazamwe mambo yaliyomtia katika deni. Kama alifukuzwa kazi, au biashara ilianguka, au aliuguliwa, au ndoa ilivunjika, na yeye akafanya aliloweza kwa moyo mwema, hayo huhesabiwa upande wake. Asiyetaka kulipa angali anaweza, au aliyetapanya kwa kamari, huyo ndiye mwenye shida.

Katika Kenya msingi wa mambo haya ni Sura ya Sita ya Katiba ya mwaka 2010, ambayo husema habari za uongozi na uadilifu. Kwa kuitimiza sura hiyo, imekuwa desturi kwa matangazo mengi ya kazi za Serikali kutaka vyeti vitano: cha Mamlaka ya Mapato, yaani KRA, kuonyesha kodi, cha Halmashauri ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo watu huiita HELB, cha Idara ya Upelelezi wa Jinai, kuonyesha mwenendo mwema, cha Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na ripoti ya ofisi ya kumbukumbu za mikopo, ambayo watu huiita CRB. Katika vitano hivyo, vitatu vyahusu fedha ambazo mtu hudaiwa. Na kwa nyadhifa zenye siri kubwa, Idara ya Taifa ya Ujasusi imepewa na sheria ya mwaka 2012 kazi ya kuwachunguza watu kwa njia zake, ambazo hazitangazwi.

Uchunguzi wa polisi ulionyesha jinsi mambo haya yanavyokwenda kwa vitendo. Mwezi wa Desemba, 2013, Tume ya Taifa ya Huduma ya Polisi ilianza kuwahoji maofisa mmoja mmoja, ikianza na wenye vyeo vya juu. Walitakiwa walete hesabu za benki, na pia hesabu za M-Pesa. Wengi walikuwa wamejitayarisha kueleza mashamba na nyumba zao, simu hawakuifikiria. Hapo ndipo ofisa aliweza kuulizwa kwa nini fedha nyingi hupita katika simu yake kila wiki, na ni nani wale wanaompelekea. Aliyekuwa na mkopo wa chama cha akiba na mikopo, akaonyesha makato yake kwenye hati ya mshahara, alikuwa na la kusema. Aliyekuwa na fedha zisizo na asili alipata taabu.

Basi deni huingiaje katika maisha ya kijana wa sehemu hizi? Kwa njia nne hasa, nazo hazifanani.

Ya kwanza ni mkopo wa masomo. Wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Chuka, cha Embu, na cha Sayansi na Teknolojia cha Meru husoma kwa fedha za HELB. Kijana akimaliza, hukaa nyumbani miaka miwili au mitatu bila kazi, naye hudhani ya kuwa deni limelala pamoja naye. Halikulala. Sheria imeweka faini ya Sh. 5,000 kwa kila mwezi ambao mtu hakulipa alipopaswa kulipa. Jambo la kushukuru ni kwamba halmashauri hiyo hutoa vyeti vya namna mbili: kimoja cha aliyemaliza deni lake lote, na kingine cha mtu ambaye angali akidaiwa lakini analipa kama ipasavyo. Hicho cha pili hutosha kwa maombi ya kazi. Kwa hiyo mtu asimdanganye kijana kwamba ni lazima amalize mkopo wote kabla ya kuomba.

Ya pili ni mikopo ya simu. Tangu M-Shwari ianze mwezi wa Novemba, 2012, imewezekana mtu kukopa akiwa amekaa chini ya mwembe huko Mbeere, bila ya kuonana na mtu yeyote. Baada yake yalikuja makampuni mengi, mengine yasiyojulikana yalipo. Kijana alikopa Sh. 700 za nauli au za vifurushi vya simu, akabadilisha laini, akasahau; na jina lake likaandikwa katika kumbukumbu kama la mtu asiyelipa. Mwezi wa Aprili, 2020, Benki Kuu ya Kenya iliamuru kwamba deni lisilofikia Sh. 1,000 lisipelekwe kuandikwa, na ikayazuia makampuni yasiyosimamiwa yasipeleke majina. Mwezi wa Novemba, 2022, ulianza mpango wa miezi sita wa kuwapunguzia nusu ya deni waliokopa kwa simu. Watu zaidi ya milioni nne walihesabiwa kuwa katika hali hiyo, na jumla ya madeni yao ilikuwa kama Sh. bilioni 30 tu. Hesabu hiyo yaonyesha jinsi deni la mtu mmoja mmoja lilivyokuwa dogo, na jinsi alama iliyoachwa ilivyokuwa kubwa.

Ya tatu ni kuharibika kwa biashara ya mazao. Hapa watu wa Igembe na Tigania hawahitaji kuelezwa. Uingereza ilipiga marufuku miraa mwezi wa Juni, 2014. Somalia ikafunga mlango wake mwezi wa Machi, 2020, na haikuufungua mpaka mwezi wa Julai, 2022. Mwezi wa Mei, 2024, baadhi ya kaunti za pwani zilizuia muguka unaotoka Embu, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hizo. Kila mara mlango ulipofungwa, aliyekopa kwa kutegemea mavuno aliachwa na deni mkononi na majani yaliyonyauka. Mtu wa namna hii ana haki ya kueleza. Tarehe za marufuku hizo zajulikana na kila mtu, na tarehe ya deni lake ikilingana nazo, maneno yake yana shahidi.

Ya nne ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa kuwa huja kwa jina la undugu. Ni udhamini. Katika vyama vya akiba na mikopo mtu hakopeshwi bila ya wadhamini, na ni nani atakayemnyima sahihi shemeji yake, au mwalimu mwenziwe wa shule moja? Mdhamini hakupokea hata senti moja. Lakini mkopaji akiacha kazi au akihamia mbali, chama humgeukia yule aliyetia sahihi, akiba yake hukatwa, na isipotosha, jina lake huweza kuandikwa kama la mdaiwa. Mtu huyo akiitwa kuhojiwa, hushangaa kabisa. Husema, “Mimi sijakopa kamwe.” Asema kweli, lakini karatasi yasema vingine. Inafaa kila aliyewahi kudhamini aombe chama chake kimwonyeshe mkopo ule umefikia wapi.

Tuseme sasa kwamba mtu amepata kazi, naye ana madeni. Hapo sheria ya kazi ya mwaka 2007 ina kipimo chake: makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Mwenye mshahara wa Sh. 45,000 hakatwi zaidi ya Sh. 30,000, ili asikose kurudi nyumbani na Sh. 15,000. Kipimo hiki kiliwekwa kumlinda mfanyakazi, lakini wakubwa wa ofisi hukitazama kwa jicho lingine pia. Karani wa fedha ambaye makato yake yamegusa mpaka ule kwa miaka mingi, na bado ana watoto shuleni, anaishi kwa nini? Swali hilo si la matusi. Tangu zamani kanuni za utumishi wa Serikali zimehesabu mtumishi aliyezongwa na madeni kuwa mtu ambaye kazi yake itapungua nguvu, hata kama hakuiba kitu.

Na uaminifu wenyewe hupimwa kwa karatasi ya kutangaza mali. Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 iliwataka watangaze mapato, mali na madeni yao, pamoja na ya mke au mume, na ya watoto wadogo. Mwaka 2025 sheria mpya ya mgongano wa maslahi ilichukua mahali pake. Tazama maneno hayo matatu. Sheria haikutaka mtu asiwe na deni, ilitaka aliseme. Aliyeandika deni lake la benki amefanya alivyoamriwa. Aliyeliacha wazi fungu la madeni, na benki ikaonyesha vingine, amegeuza jambo la fedha kuwa jambo la uongo, na uongo hauna mpango wa malipo.

Kuna lalamiko moja la vijana ambalo ni la haki. Walisema kwa miaka mingi: Hatuna kazi, kwa hiyo hatuwezi kulipa, hatukulipa, kwa hiyo hatupati cheti, hatuna cheti, kwa hiyo hatupati kazi. Tena vyeti vyenyewe vilinunuliwa kwa fedha kabla mtu hajaitwa hata kuhojiwa, na wengine walikopa kwa simu ili wanunue cheti cha kuonyesha kwamba hawadaiwi. Bunge lilisikia. Kwa sheria ya mwaka 2022 mwajiri amekatazwa kumtaka mwombaji vyeti hivyo, isipokuwa amekusudia kweli kumwandika kwa mkataba. Bado ziko ofisi zinazotangaza kwa desturi ya zamani, na mwombaji anaweza kuuliza kwa adabu kama vyeti vitahitajika sasa au baada ya kuchaguliwa.

Kwa anayetaka kujitayarisha, kazi huanza kwenye ripoti ya mikopo. Kila mtu ana haki ya kupewa ripoti yake bure mara moja kwa mwaka. Makampuni yaliyopewa leseni ni zaidi ya moja, na si lazima kumbukumbu zao zifanane, kwa hiyo ni vema kutazama kwa zaidi ya mmoja. Akikuta deni asilolijua, aandike barua ya kupinga. Ofisi hiyo yapaswa kuuliza kwa aliyelileta, na likiwa la uongo, lifutwe. Akikuta deni la kweli, aende kwa anayemdai, wapatane kiasi na tarehe, na mapatano hayo yaandikwe. Kulipa hakufuti historia mara moja: habari ya kwamba alichelewa huweza kubaki katika kumbukumbu kwa miaka mitano, lakini itaonyesha ya kuwa amelipa. Risiti zote azitunze, hata za Sh. 500, maana mkopeshaji naye husahau kuandika.

Siku ya kuhojiwa atakwenda na barua ya mapatano, risiti zake kwa utaratibu wa tarehe, na hesabu ya simu ya miezi ile atakayoulizwa. Na avitazame vyeti vyake mapema. Kile cha kodi hudumu miezi 12 tu, na aliyekichukua mapema mno huweza kukuta kimekwisha nguvu wiki ile ile anapoitwa Nairobi.